Kipa Hasemeshwi Siku ya Mechi

Siku za mechi nyumba ya Zulmira pale Ufukoni huwa si yake tena, huwa ya timu. Jumamosi ile vijana wa Chumvini walianza kuingia uani kabla jua halijapanda, wakajitupa kwenye mikeka na juu ya msingi wa chumba ambacho mumewe, Adelino, alikianza miaka ile watu walipodhani gesi itamtajirisha kila mtu, kisha akakiacha hivyo hivyo. Adelino ndiye mtunza vifaa. Mipira, koni na madumu ya maji, vyote hulala chumbani kwake. Zulmira hufua jezi na kupika mihogo ya asubuhi. Binti yao, Yolanda, hukata machungwa ya mapumziko. Na mtoto wao wa kiume, Ivo, hukaa golini.

Hakuna aliyewaajiri. Kazi ilianza Ivo alipochaguliwa kuwa kipa, mama yake akajitolea kufua jezi mara moja, na mara moja hiyo haikuisha. Zulmira hakulalamika. Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakiwa wamembeba mgongoni, na kwa miaka mingi majirani walimwita "yule wa ng'ambo", wakimsalimu kwa tahadhari, maana Wamakonde wa ng'ambo wanasingiziwa dawa kali. Jezi zilimfutia jina hilo. Siku hizi hata sokoni wanamwita Mama Timu.

Siku hiyo Chumvini walikuwa wanacheza na Mpapura, na mshindi angepanda ligi ya mkoa. Kwa hiyo kamati ya ufundi ilikuwa imeshika kila kitu. Kila mpenda mpira anajua kwamba kamati ya ufundi haihusiani na ufundi wa kupiga pasi. Ndiyo inayokwenda kwa waganga. Mkuu wake, Athumani, ni muuza vipuri vya pikipiki, mtu mcheshi siku zote isipokuwa siku za mechi. Masharti yake yalikuwa mengi, lakini moja halikuwahi kulegezwa: kuanzia adhana ya alfajiri mpaka refa apulize kipenga, kipa hasemi wala hasemeshwi. Akitamka neno, au akiitwa kwa jina lake, kinga yote inavunjika.

Zulmira aliijua sheria hiyo vizuri, na wala haikumsumbua. Siku za kimya Ivo huwa mchekeshaji kuliko siku za kusema. Huigiza mwendo wa Athumani nyuma ya mgongo wake, hushika tumbo na kulegeza shingo kuomba kipande kingine cha muhogo, humkonyeza dada yake mpaka Yolanda akimbilie jikoni kucheka.

Asubuhi ile hakuigiza chochote. Alitoka chumbani, akakaa ukutani penye kivuli, akafumba macho. Zulmira alimpelekea sahani. Aliporudi akaikuta vilevile, na kikombe cha chai kimeshikwa mkononi kwa namna ya mtu aliyesahau kwamba ameshika kitu.

"Mama," Yolanda alinong'ona jikoni, "nimemkonyeza kaka mara nyingi. Ananitazama tu kama hanijui."

"Ana mawazo ya mechi."

Alisema hivyo, lakini mwenyewe hakuamini. Alhamisi mazoezini Ivo aliruka kudaka mpira wa kona, akajigonga kichwa kwenye nguzo ya goli, ile ya bomba la chuma. Alikaa chini kidogo, akainuka akicheka, wenzake wakamtania kwamba nguzo ndiyo iliyoumia. Ijumaa alisema kichwa kinagonga, akanywa dawa za maumivu, akalala mapema. Mama yake alitaka kumuuliza asubuhi ameamkaje. Sasa asubuhi ilikuwa imefika na kumuuliza ni mwiko.

Alimwendea mumewe aliyekuwa akijaza upepo mipira.

"Baba Ivo, mtoto hayuko sawa."

"Usianze, Mama Ivo. Athumani yupo hapo."

"Hajala."

"Kipa gani anakula siku kama hii? Hata mimi tumbo limefunga."

"Kile kichwa cha Alhamisi..."

"Alikwenda kazini jana, akabeba magunia ya korosho. Mgonjwa anabeba magunia?" Adelino aliinama tena kwenye pampu, lakini Zulmira aliona mkono wake umesita.

Athumani alipita mbele ya Ivo, akamkagua, akarudi kwa vijana ametabasamu. "Mnaona utulivu ule? Hata kichwa hatikisi. Huyu leo kaiva. Wewe Fredi, jifunze."

Fredi, kipa wa akiba, alikuwa mfupi mpaka wenzake humwita Nusu Goli. "Mimi najifunza kukaa benchi," alisema. "Nimeshafaulu."

Uani kulilipuka kwa vicheko. Zulmira alimtazama mwanawe. Kelele zilipopanda, Ivo alikunja uso, akaziba masikio kwa viganja.

Angeweza kumwita wakati ule. Lakini alimkumbuka Rukia, mke wa kipa wa zamani, aliyempigia mumewe simu asubuhi ya mechi kumwambia mtoto ana homa. Mume akapokea, akasema "haloo", na jioni wakafungwa. Rukia alikuwa mwenyeji wa pale, amezaliwa pale, ana wajomba mtaa mzima, na bado vitumbua vyake vilikaa sinia zima bila mnunuzi mpaka akahamia kwa dada yake Madimba. Ikiwa Rukia alitendwa hivyo, yeye mtu wa ng'ambo angeambiwa nini? Wangesema amenunuliwa. Wangesema ndiyo dawa za kwao. Akachukua beseni la machungwa, akapanda na Yolanda na wengine kwenye gari la mizigo kwenda uwanjani.

Njia nzima mashabiki wa Mpapura, kijiji cha wakulima wa korosho, walikuwa wakiwapungia kanga. "Chumvi leo inayeyuka!"

"Na korosho tunazibangua!" vijana walijibu wakipiga bodi la gari. Kila kishindo kilimfanya Ivo ajikunyate. Zulmira alikuwa amekaa nyuma yake tu. Aliona shingo yake imelowa jasho lisilofanana na la joto.

Uwanjani hawakuingia getini. Athumani alisema geti limeshamwagiwa vitu, wala chumba cha kubadilishia nguo kisiguswe. Waliruka ukuta wa nyuma, upande wa vyoo, mmoja mmoja, hata Zulmira na bintiye, huku Adelino akipokea mabegi. Zamu ya Ivo ilipofika alishika juu ya ukuta, akakosa, akashika tena. Kijana anayeruka kama paka alisukumwa na watu wawili matakoni kama gunia. Alipotua upande wa pili alikwenda pembeni, akainama, akatapika maji matupu.

Zulmira alitupa beseni chini. Athumani alimtangulia, akainua mikono kuzuia watu.

"Mwacheni! Msimguse! Anayatoa. Walikuwa wamemwekea tumboni, sasa anayatoa yote. Mama Timu, shukuru."

"Athumani, mdogo wangu, mtoto anaumwa."

"Anaponywa, mama."

Vijana walikuwa wakipeana viganja kwa furaha. Kocha Jafari aliangalia saa, akasema wavae haraka. Ivo alivaa jezi namba moja kifuani badala ya mgongoni, na Athumani akapiga kofi la furaha: hata hilo lilikuwa jema, maana uchawi ukija utamkuta kageuka. Kila kilichomtia Zulmira hofu kilipokelewa na wenzake kama habari njema. Alianza kujiuliza kama ni yeye mwenye kasoro. Labda hivi ndivyo dawa inavyofanya kazi. Labda mama wa kweli angetulia.

Kisha akamwona Ivo ameketi kwenye ndoo, baba yake amepiga magoti mbele yake anamfunga glovu. Ivo alikuwa anaitazama mikono yake. Aliitazama ya kulia, akaitazama ya kushoto, na mdomo ukawa unachezacheza kama mtoto anayejifunza kusoma. Jicho moja lilikuwa limefunguka vizuri. La pili kope yake ilikuwa imeshuka.

Nje ya kona ile waamuzi walikuwa wameshaingia na watu wanaimba. Vijana walisimama kwenye mstari. Alijua kwamba Ivo akishatoka pale, mtu wa kwanza kupiga shuti kali ndiye atakayemuuliza hali.

"Ivo!"

Mstari wote uliganda.

"Ivo mwanangu! Ni mimi mama yako. Nijibu!"

"Zulmira!" Athumani alipiga ukelele, na lile jina la heshima halikuwamo tena. "Umetumaliza! Mpapura wamekupa nini, wewe mwanamke?"

Zulmira hakumgeukia. Alikuwa amemshika mwanawe mashavu kwa mikono miwili. Ngozi ilikuwa baridi.

"Nijibu, baba. Sema chochote."

Maneno ya Ivo yalipotoka yalikuwa mazito, kama yamepita kwenye uji. "Baba yuko wapi?"

Adelino alikuwa bado amepiga magoti, ameshikilia glovu ya mwanawe. "Mimi hapa," alisema. "Nimekushika mkono, Ivo. Nimekushika."

"Mwambieni Baba azime hiyo taa."

Hapakuwa na taa. Palikuwa na jua la alasiri tu, limeangukia ukuta wa chokaa. Hakuna aliyecheka. Hata Athumani alirudi nyuma, akatazama juu kule Ivo alikotazama.

Adelino alianza kuzivua zile glovu. Zilikuwa zimebana, akavuta kwa meno. Akamtupia Fredi.

"Kocha, mimi?" Fredi aliuliza.

"Vaa," Jafari alisema. "Na nyie wengine mbebeni mwenzenu mpaka barabarani. Geti hilo hilo! Piteni getini!"

Ndani ya bajaji Ivo alilala begani kwa mama yake, na Zulmira akamwita njia nzima, kwa Kiswahili, kwa Kimakonde, kwa majina ya utotoni ambayo hakuwa ameyatamka tangu kijana aote ndevu. Mara ya kwanza alijibu "mm". Baadaye hakujibu. Nyuma yao uwanja ulipiga mayowe makubwa ya goli, na Adelino hakugeuza hata shingo kujua ni la nani.

Hospitalini daktari, dada mdogo tu, alimmulika Ivo machoni, akaanza kuwauliza huku wauguzi wakisukuma kitanda.

"Aliumia lini?"

"Alhamisi," Adelino alisema.

"Na leo alianza lini kusema maneno yasiyoeleweka?"

"Ndiyo kwanza tumemsikia uwanjani," Zulmira alisema.

"Asubuhi alikuwa anaongea vizuri?"

"Hatukumsemesha," Adelino alisema.

"Kwa nini?"

Daktari hakungoja jibu. Picha ya kichwa ilionyesha damu inakusanyika ndani ya fuvu na kuukandamiza ubongo, na wakaambiwa kichwa kifunguliwe siku ile ile. Zulmira aliweka dole gumba kwenye fomu ya kukubali, pale alipoonyeshwa. Kisha wakakaa kwenye benchi la korido, Yolanda katikati yao, nguo yake bado inanuka machungwa. Simu ya Adelino ilitetema mfukoni bila kukoma, kundi la timu, mpaka ikaisha chaji. Hakuitoa.

Chumvini walifungwa mawili kwa bila. Fredi, kwa maelezo ya waliokuwepo, alidaka mipira ambayo hata mrefu angeikosa, lakini mawili ni mawili.

Ivo alipona, kwa kiasi cha kusema amepona. Ana mshono kutoka sikioni hadi utosini, jua linamuumiza, na ghalani hawezi tena kubeba magunia. Golini hatarudi. Wiki aliyotoka hospitali vijana walikuja na mkokoteni kuchukua mipira, koni na madumu, wakapakia bila kumsalimu mtu. Fredi peke yake aliingia ndani, akakaa kwenye kigoda na Ivo wakiangalia mechi kwenye simu mpaka magharibi. Bombani, Zulmira akifika na ndoo, mazungumzo hukatika. Mtoto mmoja aliwahi kumwita "yule wa ng'ambo", na mama yake hakumkanya. Zulmira alijaza ndoo yake, akajitwisha, akaondoka. Alidhani litamuuma zaidi.

Linalomnyima raha ni jingine. Daktari aliwaambia damu inaweza kurejea kimya kimya, wamwangalie. Basi kila alfajiri, muadhini akiwa bado anaadhini, Zulmira husimama nje ya pazia la chumba cha mwanawe na kumwita. Hathubutu kuingia kabla hajajibiwa. Ivo ni kijana na usingizi wake ni wa kijana, mara nyingi haamki kwa mwito wa kwanza.

"Ivo."

Pazia linatulia. Adelino, kule kitandani kwao, naye huwa macho, ameacha kuvuta pumzi.

"Ivo, mwanangu."

"Mama, ah! Nimelala!"

"Sema tena."

"Nimelala, mama. Niache."

"Haya, lala," humjibu, na huendelea kusimama pale pale, mkono umeshika pazia, mpaka miguu ikubali kutembea.