Mapafu Niliyoyapuliza Darasani

Mimi mbuzi hana cha kunishangaza. Shule niliiacha darasa la nne, lakini nina buchari yangu mwenyewe hapa Faza. Binti yangu Zuhura alipopangiwa kulieleza darasa njia ya hewa mwilini, nilimwambia, "Wewe sema tu. Mapafu nitaleta, na kupuliza nitapuliza mimi."

Nikayatungua mapafu kwenye ndoano pamoja na koo lake, nikaenda nayo shuleni. Zuhura akafuata njia kwa kidole: hewa hushuka kooni, hugawanyika mara mbili, huingia mapafuni. Nikapuliza. Yakalala vile vile. Nikapuliza hadi nikaona nyota.

"Bwana Shee, keti kidogo," mwalimu akasema.

"Mbuzi huyu alikuwa mgonjwa," nikajibu.

Zuhura akayageuza, akaona tundu la ndoano. Akanitazama kwa huruma, kisha akawageukia wenzake. "Pafu likitoboka, hata baba mwenye nguvu hawezi kulijaza."

Darasa zima likacheka. Kwangu hayakubaki mengine, kwa hiyo ili amalize somo lake nilikwenda kununua mapafu mazima kwenye buchari ya Bwana Omari, ambaye kila siku nasema hajui nyama. Aliniuzia kwa shilingi mia nne na hamsini, mara mbili ya bei yangu.