Benchi la Wananchi

Wapangaji wapya wa mtaa huu wameambiwa kwamba mume wangu aliuza soko. Nilifundisha shule hadi nilipostaafu, na sina desturi ya kujibu maneno ya barazani. Lakini wajukuu wetu wanapita njia hizihizi wakiitwa kwa jina lake, kwa hiyo nitaeleza alivyokuwa.

Alikuwa mpiga chapa. Kutwa nzima alisimama kati ya mitambo inayonguruma, na sheria ya mikutano ya halmashauri ilipotoka, ilichapwa na mikono yake. Jioni ile alinieleza mezani, vidole bado vina wino: kila kikao cha madiwani kitangazwe mapema, mlango uwe wazi, na mwananchi yeyote aingie, akae, asikilize.

"Mlango wameufungua," alisema. "Asipoingia mtu, wataufunga tena na hakuna atakayejua."

Alipostaafu akaanza kuingia yeye. Alivaa koti la kijivu, akapiga viatu rangi, akakaa benchi la nyuma karibu na dirisha. Mara nyingi alikuwa peke yake. Madiwani wakamwita Umma. Karani akisoma kwamba umma umehudhuria, kicheko kilizunguka meza, naye alicheka pia. Akirudi, jirani yetu fundi wa cherehani, mwanamke mwenye kibanda sokoni, alimdaka njiani.

"Shemeji, leo wakubwa wamesemaje?"

"Wamesema choo cha soko kitajengwa."

"Si ndivyo walivyosema mwaka jana? Hicho choo wanakijenga au wanakichumbia?"

"Mahari haijatimia," alimjibu, na wote wawili wakacheka.

Mtaa ulimtegemea. Usichojua mtaa ni kwamba mitambo ilikuwa imemla masikio. Yalizimika kidogo kidogo, mpaka daktari akasema hakuna dawa. Alijifunza kusoma midomo. Nyumbani nilimgusa bega kwanza, nikangoja anitazame, ndipo nikasema. Aliniomba jambo hilo libaki ndani ya kuta zetu. Mtu akijulikana kiziwi, alisema, watu humsemea juu ya kichwa kama mtoto. Nilimtunzia siri yake, kwa sababu ilikuwa haki yake.

Kutoka benchini aliona mdomo wa kila diwani, akaja nyumbani na habari kamili. Kisha halmashauri ikanunua vipaza sauti, kimoja mbele ya kila kiti, ili wananchi wasikie vizuri zaidi. Vilikuwa vyeusi, vikubwa kama ngumi, na kila aliyesema alikivuta hadi puani. Tangu hapo alirudi na maneno mafupi. "Leo yalikuwa mambo ya kawaida tu." Nilimwambia apumzike.

"Na nani atakaa pale?" aliniuliza.

Basi ikafika siku ya kuamua habari ya soko. Madiwani walitaka kiwanja cha soko kikabidhiwe tajiri wa kujenga maghala. Kabla ya kura, mwenyekiti aliuliza kama wananchi waliohudhuria wana pingamizi. Aliuliza ameinamia kipaza sauti. Macho yote yakageukia benchi la nyuma. Mume wangu, alipoona anatazamwa, alifanya alichozoea kufanya watu wakimwangalia: akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Karani akaandika kwamba wananchi wameafiki.

Kesho yake vibanda vilipakwa alama nyekundu. Fundi alikuja kwetu, akakataa kiti.

"Nasikia shemeji kaitikia."

"Nani kasema?"

"Dereva wa mwenyekiti, alikuwa mlangoni. Anasema kaitikia huku anacheka. Kapewa nini, dada? Niambie tu, nijue kibanda changu kimeenda kwa bei gani."

Mume wangu alikuwa mezani anamenya chungwa. Alimwona, uso ukamchangamka kama siku zote. "Shemeji, karibu chungwa," alisema. Fundi aligeuka akaondoka. Wiki hiyo geti letu lilipakwa kinyesi, na mwanangu wa kwanza akaitwa kazini kwake mtoto wa dalali.

Wachuuzi wa sokoni walipeleka malalamiko, na mkaguzi akatumwa kutoka makao makuu. Alitusikiliza katika ukumbi uleule wa madiwani. Mwanasheria wa halmashauri alisema tangazo lilibandikwa, mlango ulikuwa wazi, mwananchi alikuwepo, tena akaafiki. Mume wangu alikaa kando yangu na koti lake. Nilisimama.

"Mume wangu hasikii," nilisema. "Alikuwa hasikii tangu kabla hamjaleta vipaza sauti. Aliitikia kwa adabu. Hakuafiki lolote, wala hakupokea senti ya mtu."

Fundi aliinamisha uso. Naye mume wangu, akiona watu wote wametugeukia, akatabasamu, akaitikia kwa kichwa.

Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Alisema anasikitika, lakini sheria inataka mlango uwe wazi. Haisemi kwamba aliyeingia lazima awe anasikia. Uamuzi wa halmashauri ukabaki ulivyo.

Tulipotoka nje mume wangu aliniuliza nimesema nini. Nilisimama mbele yake, nikamweleza neno kwa neno. Alinitazama mdomo mpaka nilipomaliza.

"Ungewaacha waniite mla rushwa," alisema. "Mla rushwa watu humwogopa."

"Na watoto wako?"

Aliondoa macho mdomoni mwangu, akaanza kutembea.

Soko lilivunjwa kabla ya mvua. Majirani walianza kurudi kwetu, wakimwinamia na kupiga kelele sikioni, neno mojamoja, "Mzee, umekula?" Fundi aliomba radhi, nami nikampa sebule yetu aweke cherehani yake. Kila alipokuja kazini, mume wangu aliinuka akaingia chumbani. Siku ya kikao kilichofuata, mwenyekiti alimtuma yuleyule dereva wake.

"Mama, wanamwulizia Umma. Gari lipo."

"Kamwambie mwenyekiti atafute umma mwingine," nilisema, nikafunga mlango.

Mume wangu hakukanyaga tena ukumbini kwa madiwani. Aliishi mwaka mmoja zaidi. Nikimgusa bega, hakugeuka. Alitazama ukuta au mikono yake, na bila kunitazama hakuweza kujua ninasema nini. Nilimwambia mengi mwaka ule.

Mtaa mzima ulimzika. Wachuuzi wa sokoni walibeba jeneza, nami nilitembea mbele kama inavyompasa mjane wake. Hakuna aliyenong'ona.