Wiki Ambazo Baba Hakuandika

Baba yangu alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya Serikali hapa Bukavu, na hiyo ndiyo kazi pekee aliyoifanya tangu ujana hadi alipostaafu. Waliofanya kazi naye walipenda kusimulia jinsi alivyoweza kuzungumza na mgeni aliyesimama mlangoni huku vidole vyake vikiendelea na barua ya mkubwa, mstari baada ya mstari, bila kukosea nukta. Hakuangalia vidole. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono pembeni, na mikono ilijua njia yenyewe.

Alipostaafu hakupumzika. Watu wa mtaa wetu, huku Panzi, walizoea kumwendea kwa kila jambo lililohitaji kuandikwa: ombi la nafasi shuleni, barua kwa padri, na zaidi ya yote maisha ya marehemu. Kwetu, familia inapomaliza kilio, yaani matanga, mtu husimama mbele ya wote na kusoma maisha ya aliyekufa: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alimwoa nani, alizaa wangapi. Baba aliyaandika hayo kwa namna yake. Aliketi na familia mchana mzima akawauliza maswali ambayo hawakuyatarajia. Alipenda chakula gani? Alikuwa akicheka nini? Alikasirika akifanyaje? Kisha akarudi nyumbani na kuandika kurasa mbili, na watu waliposikia zikisomwa walilia na kucheka kwa wakati mmoja.

Utepe wa mashine yake ya zamani ya kupigia chapa ulipokosekana sokoni, nilimnunulia kompyuta ndogo iliyokwisha tumika. Hiyo ilikuwa miaka mingi nyuma. Aliitumia sana hata herufi zikafutika kwenye vitufe vya kibodi, zote, kikabaki kitu cheusi kinachong'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Mgeni aliyetaka kuandika hata neno moja alikwama. Baba alicheka.

"Hii masini iko na mwenyewe," alisema. "Mwizi akiiba, ataandika nini?"

Mimi ninafanya kazi kwenye maktaba ya chuo, ng'ambo ya pili ya mji, na tangu Mama alipotutoka nilikuwa nikienda kwa Baba kila Jumapili baada ya misa. Jumapili moja niliona kompyuta yake inaleta ujumbe uleule kila mara: masasisho yanangoja. Nikasema leo nitamsaidia mzee. Nikaunganisha simu yangu, nikaruhusu masasisho yashuke, na kwa kuwa bado kulikuwa na umeme, nikaweka pia programu mpya ya kuandikia, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa ya zamani kweli. Masini ilizimika na kuwaka mara tatu. Ilipowaka mara ya mwisho ilikuwa na sura nyingine, safi, na baadhi ya maneno yake yalikuwa kwa Kiingereza. Baba aliitazama kama mtu anayetazama nyumba yake iliyopakwa rangi na wageni.

"Iko sawa?" aliuliza.

"Iko mupya, Papa. Sasa itaenda mbio."

Nilikula naye sombe, majani yetu ya muhogo, na samaki, nikaondoka nikijisifu moyoni.

Jumapili zilizofuata hakusema kitu, nami sikuuliza. Niliona tu kwamba masini ilikuwa imefunikwa kitambaa kile cha maua ambacho Mama alikishona, na nikafikiri anakinga vumbi. Niliona pia kwamba ananyamaza katikati ya maneno, anautazama mkono wake wa kulia na kuukunja vidole kimoja kimoja. Alikuwa ameingia miaka sabini na kitu. Nilijiambia ni uzee.

Wiki ya tano au ya sita nilikuwa sokoni Nyawera, ninanunua nyanya, mjane aliye jirani wa Baba aliponishika mkono katikati ya wachukuzi na magunia.

"Maman, papa yako iko mugonjwa?"

"Hapana. Nani amesema?"

"Nilienda kumuomba aniandikie maisha ya muzee yangu. Tunamaliza kilio mwezi hii. Akaniambia hataweza. Papa yako! Ule aliniandikia barua zote za watoto. Akaniangalia tu, macho imejaa maji, akasema, nenda utafute mwingine."

Niliacha nyanya pale pale. Nilipanda moto, pikipiki ya kukodi, hadi Panzi, na njia nzima nilijua ninachokiogopa, kwa sababu kilikuwa kimeshaingia katika ukoo wetu. Kaka yake Baba, baba yangu mkubwa, aliishi miaka yake ya mwisho huko Walungu bila kujua yuko wapi. Sisi watoto tulichokiona kwanza ni kusahau majina ya wajukuu. Kisha akasahau kufunga vifungo vya shati. Mwisho alimwita mke wake "mama" na kumwuliza lini atamrudisha nyumbani. Baba ndiye aliyekwenda kumwogesha kila mwezi. Hakutusimulia aliyoyaona huko.

Nilimkuta sebuleni, mbele yake karatasi na kalamu. Alikuwa akijaribu kuandika kwa mkono, na mwandiko wake, ambao haukuwahi kuwa mzuri, ulitetemeka.

"Papa, masini imeharibika?"

"Masini haina kitu. Ni miye."

"Wewe una nini?"

Aliweka kalamu sambamba na ukingo wa karatasi, taratibu sana.

"Vidole vimesahau. Ninajua neno, ninalisikia mu kichwa, ninaandika. Kuangalia, hakuna neno. Ni takataka. Nilifikiri ni uchovu. Nikapumzika siku mbili, nikarudia. Takataka." Akanyanyua macho. "Kaka yangu alianza hivi hivi, mama. Wewe ulikuwa mudogo. Alianza na mikono."

Ananiita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Siku hiyo neno hilo lilinichoma. Nilimwomba ruhusa ya kuifungua masini, akainua mabega kama mtu asiyehusika tena.

Nilikuta faili baada ya faili. Aliipa kila moja tarehe, kama alivyofanya ofisini, na ndani ya kila moja kulikuwa na kurasa za vitu visivyosomeka. Niliona alivyojaribu. Mahali pengine alianza mstari uleule mara nane. Mahali pengine aliandika vineno vifupifupi, kama mtoto wa darasa la kwanza, na navyo vilikuwa vibaya. Nilitoka nje nikajifanya ninatafuta mtandao wa simu, nikalia nikiwa nimeupa mgongo mlango.

Nilipomaliza kulia nilishika njia ninayoijua, yaani ya mtu asiyejua. Nilizima masini na kuiwasha. Nilitafuta virusi. Niliondoa programu ile mpya niliyoiweka mwenyewe. Nilijaribu kuandika, lakini mimi huandika kwa vidole viwili huku nikitazama herufi, na hapo hapakuwa na herufi ya kutazama. Nilibonyeza huku na huku, nikapata hili na lile, sikuweza kujua kosa ni la masini au ni langu.

Basi nikatoka tena nje, nikampigia simu mama mmoja ninayefanya naye kazi, ambaye hutengeneza kompyuta zote za chuo. Ni mtu wa maneno machache. Nilimweleza yote, na mwisho nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba labda tatizo si masini.

"Papa iko hapo karibu?" aliuliza.

"Iko ndani."

"Mwambie aandike neno moja mara kumi. Neno lile lile. Asiangalie kitu."

"Itasaidia nini?"

"Mutu mwenye kichwa kinachoka anakosea leo hivi, kesho vile. Masini inakosea sawasawa kila mara. Fanya, halafu uniambie."

Nilirudi ndani. Kumshawishi Baba aketi mbele ya masini hiyo ilikuwa kama kumshawishi mtu arudi kwenye njia aliyoangukia. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilimwambia ni kwa ajili yangu, si kwa ajili yake, akaketi. Aliweka vidole mahali pake bila kutazama, mgongo wima, kama nilivyomwona tangu utoto.

"Andika Bwana," nilisema. "Mara kumi."

Alifumba macho, akaandika. Vidole havikusita hata kidogo. Vilipita juu ya vitufe kwa mwendo uleule wa miaka yote, na mimi nilitazama kioo cha masini. Bzqnq. Bzqnq. Bzqnq. Mara kumi, bila tofauti ya herufi moja.

Niliusogeza uso wangu hadi karibu na kioo. Kila palipostahili *a* palikuwa na *q*. Kila palipostahili *w* palikuwa na *z*. Nilimwambia aandike mama. Ikatoka nukta-mkato, *q*, nukta-mkato, *q*. Nilimpigia tena yule mwenzangu wa chuo, nikamsomea herufi kwa herufi, naye akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka.

"Angalia chini kabisa, pembeni kuume," alisema. "Kuna herufi tatu. Zinasema nini?"

"E, N, G."

"Njo hiyo. Masini ya papa inafikiri iko mu Uingereza. Kule *a* haikae mahali yetu ya Kifaransa inakaa. Mise à jour, yale masasisho uliweka, ilibadilisha klavye, ile kibodi. Bonyeza hapo, chagua Kifaransa."

Nilibonyeza. Herufi zile tatu zikawa FRA. Ni hilo tu. Kibodi iliyofutika herufi haikuwa na njia ya kumwambia Baba kwamba imehama, na yeye, kwa kuwa hakuwahi katika maisha yake kuilaumu mashine kwa kosa, alijilaumu mwenyewe.

"Papa, andika tena."

"Nimechoka, mama."

"Mara moja tu. Fungua macho."

Aliandika Bwana. Likatokea Bwana. Kisha akaandika mama, akaandika jina la kijiji chake, akaandika jina la kaka yake, akaandika sentensi moja ndefu ya Kifaransa ambayo kila barua ya ofisini ilimalizikia nayo zamani, na kila kitu kilikuwa mahali pake, hadi mkato na nukta. Nilimweleza. Nilimweleza pia kwamba ni mimi niliyeleta yote hayo, kwa mikono yangu, Jumapili ile, na kwamba sikumwuliza chochote wiki hizo zote. Nilitarajia anikaripie.

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, na akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi.

"Kwa hiyo ni masini," alisema.

"Ni masini, Papa."

"Nilishaanza kuandika majina yenu," alisema. "Kwa karatasi. Ya watoto yote na ya wajukuu, na sura ya kila mumoja iko namna gani. Ili nikisahau, nisome."

Alinionyesha. Karatasi ilikuwa chini ya kitambaa cha Mama, imekunjwa mara nne. Karibu na jina langu alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa kutetemeka: *mrefu, anatembea haraka, anakuja Jumapili*. Nilimkumbatia akiwa amekaa vile vile, kichwa chake tumboni mwangu, na aliniacha nimkumbatie, jambo ambalo kwa kawaida hulimaliza upesi kwa kukohoa.

Mchana ule ule alinituma nimwite mjane. Alikuja na kanga yake ya kilio mabegani, hajui anaitiwa nini. Baba alimkaribisha akae, akamwomba msamaha kwa kumrudisha mikono mitupu.

"Nilifikiri niko mugonjwa," alimwambia. "Siko. Sasa nielezee muzee yako. Alikuwa anacheka nini?"

Mjane alifikiri. Halafu, kabla hajajibu, akaanza kucheka yeye mwenyewe.

Siku ya kumaliza kilio nilikwenda. Walifunga hema la plastiki kwenye ua, kwa sababu mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye mabati ya nyumba za juu. Kwa kawaida Baba aliandika tu, akamwachia mtu wa familia asome. Safari hii mjane alimtaka asome mwenyewe. Alisimama, akasoma jinsi marehemu alivyoipiga pasi suruali yake kabla ya kwenda kulima, na jinsi alivyokataa kabisa, hadi kufa, kukubali kwamba anakoroma. Watoto wa marehemu walishikana mikono wakicheka huku machozi yanatiririka. Baba hakutetemeka. Alipogeuza ukurasa, niliwaona watu wakimtazama kwa kutulia, kama wanaotazama kitu kilichokuwa kimepotea.

Tuliporudi mvua ilikuwa imeshaanza, na njia ya kwetu inapanda. Alinishika mkono, nami nikapunguza mwendo.

"Siku moja itakuja ya kweli," alisema.

"Papa, acha."

"Hapana, sikia. Labda itakuja, labda hapana. Ikikuja, usinifiche. Wiki zile zote kilichoniumiza sana haikuwa kusahau. Ni kwamba nilikuwa ninajua peke yangu."

Nilitaka kumwambia haitakuja. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa amesimama katikati ya njia, maji yakipita kati ya viatu vyetu, ananingoja, na nilimwona kwamba hataki kufarijiwa, anataka kujibiwa.

"Nitakuambia," nilisema. "Na wewe uniambie mimi wa kwanza. Hata kama ni kitu kidogo. Hata kama ni kidole kimoja."

"Tumepatana," alisema.

Tukaendelea kupanda, yeye upande wa ukuta, mimi upande wa mfereji, hadi nyumbani.