Beti Sita za Yai la Baba

Mama yangu hajawahi kula yai. Wanawake wa Kihaya wa umri wake hawakula mayai wala kuku. Waliwapikia wanaume, kisha wakarudi jikoni kula ndizi zao. Sisi binti zake tuliuvunja mwiko huo zamani na hakutugombeza, ila mwenyewe hakugusa. Kwa hiyo kila siku alimchemshia baba kitu ambacho hakujua ladha yake, na jikoni hakuwa na saa. Alipima kwa kuimba. Maji yakichemka analitumbukiza yai, anaanza wimbo mmoja wa kitabu cha kanisani, ule ule miaka yote, taratibu kama wa mazishini. Beti sita, kiini kimekuwa kigumu mpaka katikati, ndivyo baba alivyolitaka. Likiwa teketeke alilirudisha, na siku hiyo nyumba nzima ilinyamaza.

Mimi nafundisha Bukoba, naishi Kahororo, na nyumbani Muleba nilikuwa nakwenda mara moja kwa mwezi. Nina hasira za karibu, sifichi. Mwezi wa pili nilimsikia mama akiishia ubeti wa tano, akaepua. Nikadhani amechoka. Mwezi uliofuata aliishia wa nne. Nikamtania kwamba uzee unamsahaulisha nyimbo, akacheka kidogo tu. Nilipokuja tena zilikuwa beti tatu, na baba alikuwa amekonda, shati linamning'inia mabegani. Nikamuuliza mwenyewe kulikoni. Akasema ni kazi za kibanja, kahawa imemchosha mwaka huu. Nilimwamini, maana kuamini kulinirahisishia kuondoka kesho yake.

Mwezi wa tano nilifika Jumamosi mchana, nikamkuta mama mbele ya mafiga. Safari hii hata beti mbili hakumaliza. Alikatiza katikati ya ubeti wa pili, akaepua, akapasua yai kwenye kikombe. Lilimwagika kama makamasi. Ala! Nikapandwa na hasira. Nikamwambia mtu anakonda hivi halafu unamlisha yai bichi, unataka aharishe mpaka alale kitandani?

"Mwache ale anavyoweza," mama akasema kwa sauti ya chini.

Mimi nilisikia "mwache" tu. Nikachukua mayai mawili, nikaiweka simu ihesabu dakika kumi na mbili. Nikayamenya, nikayatia chumvi, nikampelekea baba sebuleni. Akamtazama mama, aliyekuwa amesimama mlangoni. Mama akatazama chini.

"Tata, kula," nikasema. "Sitoki hapa mpaka umalize."

Akala. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mzee ambaye hakuwahi kupangiwa na mtu alimega kipande, akatafuna muda mrefu kwa adabu, kama mtu aliye ugenini. Kisha akameza, na hakikupita. Macho yakamtoka, mkono ukaenda kifuani. Nilibaki nimeduwaa, lakini mama alikuwa ameshafika na beseni, alilolitoa nyuma ya mlango. Akamwinamisha, akampiga mgongoni kwa kiganja mara tatu. Kipande kikatoka kama kilivyoingia, na mate yenye uzi wa damu. Jamani, niliogopa. Damu ilinitisha, lakini lile beseni lililokuwa tayari nyuma ya mlango lilinitisha zaidi.

Baba alipotulia nilimvuta mama nje, nyuma ya jiko, nikamuuliza ni tangu lini. Akanieleza bila kulia. Baada ya Krismasi tonge la ndizi lilianza kumkwama, na baba akamkataza kata kata kuniambia. Alijua ningempeleka hospitali, na huko angeambiwa jina la ugonjwa. Kila alichokula kilikuwa kinapondwa, kisha kinachujwa. Yai tu ndilo aliloling'ang'ania.

"Yeye aliniambia halipiti, mimi nikampunguzia ubeti," mama akasema. "Ningefanya nini kingine, mwanangu?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu, ya hasira yote. Lakini mimi ndiye niliyezihesabu beti zikipungua nikazifanyia utani.

Jumatatu tulikuwa mbele ya daktari mjini Bukoba, sisi watatu kwenye benchi moja. Alimuuliza baba shida ya kumeza ilianza lini. Baba akajiweka sawa, akafunga kifungo cha juu cha shati.

"Juzi Jumamosi," akasema. "Nilikula yai gumu."

Mama akatazama mikono yake. Daktari akainama kuandika. Nikajua nikinyamaza baba atapewa dawa ya maji, atarudi nyumbani amefurahi, na mimi nitakuwa nimemtii.

"Miezi mitano," nikasema.

Kalamu ikasimama. Baba akanigeukia. Nilitegemea akasirike, lakini alinitazama tu kwa woga, na sikuwa nimewahi kumwona baba yangu akiniogopa. Daktari akamuuliza maswali mawili matatu, akambonyeza shingoni pande zote, akaosha mikono. Kisha akawaomba wazee watangulie nje, mimi nibaki.