Picha ya Mwanangu Ilikuwa Inaganda

Habari zenu wapendwa. Admin, nakuomba unifichie jina, maana mume wangu naye anafuatilia ukurasa huu na ana kidole chepesi cha kushea. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Singida. Nimeolewa Kasulu mjini na mfanyabiashara wa vitenge, tuna binti mmoja wa miaka minne. Mwaka jana nilihamishiwa Busunzu, wilaya ya Kibondo. Nilipewa chumba kimoja kinachovuja na sina wa kuniangalizia mtoto nikiwa darasani, kwa hiyo binti yangu alibaki Kasulu na bibi yake, mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye.

Tangu wakimbizi wa Burundi wa kambi ya Mtabila warudi kwao biashara ya mume wangu ilipungua, akawa anazunguka minadani. Wezi wakajua nyumbani hashindi mwanaume. Siku moja mama mkwe ameenda shambani na mjukuu wake, wakavunja dirisha wakabeba televisheni mchana kweupe. Mume wangu akanunua kamera Dar es Salaam, fundi akaifunga sebuleni. Ukiifungua kwenye simu ya kupangusa unaiona nyumba yako popote ulipo. Mwenzangu aliwaza wezi, mimi nikamuwaza mwanangu. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka.

Sasa njooni Busunzu muone mateso. Ili nipate mtandao ilinibidi nipande kichuguu nyuma ya nyumba za walimu, nasimama pale nimenyoosha simu juu, wanafunzi wananicheka. Picha inakuja nusu, kaduara kanazunguka weee, inakatika. Mara simu inarukia mtandao wa Burundi, inakula salio lote. Nilikuwa silali vizuri, sili vizuri, darasani nafundisha lakini akili iko kwenye kichuguu.

Fundi yule wa Kasulu nilimsumbua mpaka akanichoka. Kwanza akanielekeza kuchagua mtandao mwenyewe kwenye simu, nisiiache ijichagulie. Bado. Akaenda nyumbani, kile kiboksi cha intaneti akakihamishia dirishani upande wa mnara. Ikapata nafuu kidogo. Akapunguza ubora wa picha. Mwisho akasema, "Mwalimu, tuzime sauti. Sauti nayo inakula mtandao. Chagua kimoja, kuona au kusikia." Nikachagua kuona.

Hapo kweli picha ikatulia. Nikaona kochi, pazia, mlango wa uani, na mwanangu amekaa kwenye kigoda. Lakini kila nikimwona, picha imeganda! Mikono juu ya magoti, macho kwenye kamera, hatikisiki. Kesho yake hivyo hivyo. Nikampigia fundi kwa hasira, nikamwambia kazi yake mbovu. Akasema kwenye simu yake inatembea vizuri, labda simu yangu ni nzito. Nikafuta picha zote kwenye simu yangu, hata za harusi, ili iwe nyepesi. Bado mwanangu ameganda.

Alhamisi moja nipo kichuguuni, namwangalia amekaa vile vile, akapita kuku. Kuku alitoka mlango wa uani, akadonoa sakafuni nyuma ya mwanangu, akazunguka kigoda, akatoka. Pazia nalo linapepea. Jamani! Picha ilikuwa inatembea muda wote. Aliyeganda ni mtoto.

Nikawasha sauti. Picha ikakwama palepale, ya kweli safari hii, lakini sauti ikaja. Mama mkwe anasema, "Taa bado inawaka. Mama yako huyo, anakuona. Kaa hapo, ukisogea anakuja kukuchapa."

Ile kamera ina taa ndogo ya kijani. Mtu akifungua simu yake kutazama, inawaka. Mimi nilikuwa siijui. Mwanangu alikuwa anaijua.

Nikaomba ruhusa, nikapanda gari la kwanza la kwenda Kasulu. Nilifika nimejaa vumbi, nimembebea mkate na gauni jipya. Alikuwa anaruka kwenye kochi anaimba. Nikaita jina lake. Aliponiona akashuka, akaenda kwenye kigoda, akakaa, akaweka mikono juu ya magoti. Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia, "Mama, njoo nikubebe." Hakuja. Muda huo huo jirani akaingia, mwanangu akanyanyuka kumpigia makofi ya salamu kama Waha wanavyoamkiana, anacheka. Halafu akarudi kukaa.

Mama mkwe nilipomuuliza hata hakukasirika. "Mwanangu, huyu mtoto mtundu, na mimi magoti yananiuma. Nikimtajia wewe anatulia. Ewe, mtoto kumwogopa mama yake si ndiyo adabu? Nimekosa nini mimi?" Na kweli anampenda, anamlisha, anamwogesha, siwezi kusema ni mtu mbaya. Mume wangu naye anasema kamera haitoki, wezi watarudi, na kwamba wenzangu wanalia watoto hawana heshima, mimi nalia wangu anayo. Nikasema basi namchukua twende naye Busunzu. Mama mkwe akalia, akasema nikimchukua mjukuu nitakuwa nimetangaza mtaa mzima kuwa yeye ni mchawi. Uhamisho nimeomba, nimeambiwa nisubiri.

Nimerudi Busunzu peke yangu. Jioni hii nimekaa kichuguuni, mtandao umeshika vizuri kuliko siku zote, na kidole kiko juu ya kitufe cha kufungulia kamera. Nimemkumbuka mno. Nikifungua, taa inawaka na mwanangu anakwenda kukaa kwenye kigoda. Nisipofungua, simwoni. Wenye watoto na waliolelewa na bibi, niambieni, nifungue au nisifungue?