Godoro la Rusinga

Watu wanadhani kupiga picha ya chumba ni kazi ya kitoto kwa sababu chumba hakipepesi macho wala hakisogei. Waje wajaribu. Mimi nimepiga harusi Migori mjini, nimepiga mahafali, nimepiga matanga mpaka nyimbo zote nazijua, na bado nakwambia hakuna kinachonitoa jasho kama chumba kidogo. Ukikaa vibaya, kitanda kinajaza picha nzima. Ukifungua pazia lote, dirisha linakuwa jeupe pe na kuta zinakuwa giza. Ukipiga ukiwa umesimama wima, mgeni anayetafuta mahali pa kulala likizo anaangalia simu yake huko Nairobi na kusema, ah, hiyo ni stoo.

Basi nina utaratibu wangu. Naegemeza mgongo kwenye kona ya mlangoni, nachuchumaa mpaka magoti yalalamike, halafu napiga picha moja ya chumba kilivyo, bila kugusa kitu. Hiyo si ya tangazo. Ni ya kunionyesha mwanga unaingilia wapi. Baada yake ndipo naanza kuhamisha ndoo, kushusha kalenda, kutoa viatu chini ya kitanda. Wenye nyumba hununa sana hapo. Kuna bwana mmoja wa Isebania alinikataza kugusa ua lake la plastiki, eti limekaa mezani tangu afungue lojing. Tulibishana nusu ya asubuhi juu ya ua la plastiki.

Kazi ya kisiwa cha Rusinga niliitiwa na dada mmoja anayefanya kazi Nairobi. Alitaka kupangisha nyumba ya marehemu kaka yake kwa wageni wanaokuja kuona ziwa. Ilikuwa nyumba ndogo ya mabati karibu na lango la boma. Wajaluo huiita simba, nyumba ambayo kijana hujijengea akiwa bado hajaoa. Kaka yake alikuwa akiendesha bodaboda Mbita. Aligongwa na lori akirudi nyumbani, na tangu azikwe nyumba ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Mchwa walikuwa wameanza kula mlango. Dada alisema afadhali watu walale humo kuliko ianguke yenyewe.

Mama yao nilimkuta langoni akiwa na beseni la omena, dagaa wa ziwani, anaelekea sokoni Mbita. Nilimsalimu kwa Kiswahili maana mimi ni Mkuria na Kijaluo changu kinachekesha watu. Yeye Kiswahili chake ni cha soko, kimenyooka. Miaka aliyopeleka omena Isebania hakuna aliyewahi kumpunja. Alinishika mkono hakuuachia.

“Ukimaliza kupiga, nyathina, unionyeshe,” akasema, akiniita mtoto wake kwa Kijaluo. “Nataka kuona mwanangu alikuwa analala aje.”

Sikumwelewa. Nyumba ilikuwa hapo, hatua chache tu kutoka jikoni kwake. Dada, aliyekuwa amekuja kutufungulia, ndiye aliyenieleza. Kwao, kijana akishajenga simba yake, mama huishia mlangoni. Anapolala mwanawe hapaingii, na kitanda chake hakigusi. Sisi Wakuria tuna miiko yetu pia, lakini nikauliza, hata sasa ambapo hayupo? Mama akasikia, akageuka na beseni lake kichwani, akasema hata sasa, kwani yeye ameacha kuwa mama? Ila alikuwa amelifikiria jambo hili akaona kwamba kutazama picha si kuingia. Kisha akaenda zake.

Dada akafungua kufuli. Nikaingia, nikajikunja konani, nikapiga ile picha yangu ya kwanza. Nilikuwa naangalia mwanga, naapa, sikuwa naangalia kitu kingine. Nilipoinua macho kutoka kwenye kamera ndipo nikaona kitanda vizuri. Kilikuwa kitanda kizuri cha mbao, fundi alikipiga randa vizuri kabisa. Juu yake hapakuwa na godoro. Palikuwa na katoni zilizopasuliwa, juu ya katoni magunia ya mahindi yaliyoshonwa pamoja kwa uzi wa nyavu za samaki, na juu ya magunia blanketi moja. Mto wake ulikuwa jaketi la bodaboda lililoviringishwa. Katikati magunia yalikuwa yamebonyea kwa umbo la mtu.

Nyuma yangu dada alikuwa anaongea kuhusu mapazia. Kisha naye akakiona kitanda.

Baadaye aliniambia, akiwa amekaa kizingitini na uso kwenye viganja. Mwaka fulani mgongo wa mama ulikuwa umemshika vibaya, hata kuinama kuchochea moto hawezi. Kaka akaja na godoro amelibeba begani. Akasema Mbita kulikuwa na bei nzuri, amenunua mawili, moja la mama, moja lake. Nyumba nzima ikamsifu. Nani angeenda kuhakikisha? Mama haingii. Dada yuko Nairobi. Binamu zake waliingia siku ya mazishi kuchukua nguo za kumvika, wakatoka, wakafunga kufuli, hawakusema neno.

“Mjinga huyu,” dada akasema. “Mjinga kabisa.” Akalia mpaka akakwama.

Mimi pia nilikasirika, na sijui nilimkasirikia nani hasa. Nilimkasirikia marehemu wa watu ambaye hata sikumjua, maana mtu gani anamdanganya mama yake kuhusu godoro? Niliwakasirikia wale binamu. Nilikasirika kwamba mwanamke aliyemzaa, anayemsikia akikohoa usiku ng'ambo ya ua, ndiye peke yake asiyeweza kujua analalia nini. Kisha hasira ikaisha, ikabaki huzuni tu, nikaanza kukusanya magunia.

Pikapu ilileta vitu ambavyo dada alikuwa amenunua kwa ajili ya wageni: godoro jipya, shuka nyeupe, mito, taulo, neti. Mama alikuwa ameambiwa tutabadilisha shuka na kufagia, basi. Dada aliniomba kitu kimoja. Alisema mama asijue, maana akijua hatalala tena juu ya lile godoro lake, atashuka chini kwenye mkeka, na mgongo ule utamuua. Nikasema sawa. Sikuona la kubishana.

Tukatandika. Nikafunga pazia nusu, nikapanga mito, nikarudi konani kwangu. Sijui ni bati la ukutani au ni ziwa lilikuwa linarudisha mwanga, lakini chumba kilipanuka. Nimepiga vyumba vya watu wenye uwezo, Homa Bay hata Kisumu, na hakuna kilichotokea vizuri kama kile. Nilijisikia vibaya kufurahi.

Mama alirudi jua likiwa limepinda. Akatua beseni, akanawa mikono, akaja na kigoda chake akakaa nje ya simba, mlango ameupa mgongo. Dada akamwambia apumzike kwanza, anywe chai. Mama akaninyooshea mkono.

Ile picha ya kwanza ilikuwa bado kwenye kamera, mwanzoni kabisa. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe. Nilimwangalia dada, naye akaangalia chini. Nikamfungulia mama picha ya mwisho.

Aliitazama. Akauliza kile cheupe kinachoning'inia ni nini, nikasema neti. Akaleta kamera karibu na macho.

“Na hili ni godoro?”

“Ni godoro, mama.”

Akashusha pumzi. Mabega yake yakalegea mbele yangu, sijawahi kuona mtu akilegea hivyo.

“Kumbe alikuwa na lake,” akasema. “Tangu aniletee lile langu nimekuwa nikilala juu yake nikifikiri, huyu mtoto amenipa la kwake. Nikimuuliza anacheka. Alipokufa sikuwa na wa kumuuliza.”

Dada aliinuka akaenda nyuma ya jikoni. Tulimsikia akijifanya anavunja kuni. Mama hakugeuka, alikuwa bado kwenye picha, anaipitishia kidole polepole, mto, shuka, ukuta, huku akitikisa kichwa na kutabasamu. Kidole kikasimama miguuni pa kitanda, kwenye taulo niliyoikunja mara tatu na kuiweka pale kwa ajili ya wageni.

“Ona,” akasema. “Mimi ndiye nilimfundisha kukunja hivi. Akiwa mdogo alikuwa hataki.” Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu akae. “Ulikuta ameikunja hivi?”

“Ndiyo, mama,” nikasema. “Niliikuta hivyo hivyo.”