Fundi Anatole na Vitu Visivyo na Mwili

Kalemie nzima iliijua sahani ya Papa Anatole. Ilikuwa sahani ya bati yenye maua yaliyochubuka, na ukimpelekea redio mbovu alikukalisha kitini, akaifungua mbele ya macho yako, akapanga juu ya sahani kila alichokitoa. "Hii njo transista. Hii njo kondensa. Hii njo imekufa." Hukuruhusiwa kuondoka kabla hujaviona vyote vikirudi ndani. Mafundi wengine walikuwapo, wepesi wa mikono na wepesi zaidi wa kukubadilishia spika nzima kwa mbovu, lakini aliyetaka kulala usingizi alikwenda kwa Anatole. Naye alilijua hilo, na tuseme ukweli, lilimvimbisha kichwa kidogo.

Basi katika miaka ile ya mwisho ya Zaire, Direkta Sébastien wa ofisi moja ya mizigo bandarini alipata kompyuta iliyovushwa ziwa kutoka Kigoma, tayari imetumika. Haikupita muda ikaanza kusahau tarehe. Kila asubuhi ikiwashwa, inadai ni mwaka wa 1980. Fundi wa kompyuta hakuwapo karibu, na Lubumbashi ni mbali, kwa hiyo akaitwa Anatole. Ni mashine, ina nyaya. Aitwe nani mwingine?

Direkta alitia disketi ya uchunguzi, na kioo kikaonyesha kwa Kifaransa majina ya kila kitu ambacho kompyuta ilikiona tumboni mwake: koprosesa, kontrola ya hiki, kontrola ya kile, saa, kipima muda. Anatole aliyanakili, ingawa mengi hakuwa ameyasikia tangu azaliwe. Hilo halikumtisha. Katika redio kila jina lina mwili wake. Ukishalijua jina unautafuta mwili, na unaupata. Akazima, akafungua, akaweka sahani tayari.

Miili haikutosha. Juu ya ile kadi kubwa ya kijani kulikuwa na vidude vyeusi vichache, vimeandikwa namba tu, jina hata moja hakuna. Mbaya zaidi, kulikuwa na soketi tupu, vitundu vyake vimepangwa vizuri, pengo kabisa la jino. Tangu wakati wa uporaji, maduka na maghala yalipovunjwa, watu walikuwa wamezoea kuuziwa firiji isiyo na mota na gari lisilo na dinamo. Anatole akatikisa kichwa, akasema maneno ambayo baadaye angetoa chochote yarudi kinywani mwake.

"Direkta, hapa vitu vinakosa. Hapa kulikuwa kitu, wamekitoa."

Aliyebaki na funguo za ofisi usiku alikuwa mtu mmoja tu, mlinzi, sentineli Pontien, jirani yake Anatole, na Anatole ndiye aliyemsimamia ubatizo mtoto wa kwanza wa Pontien. Jioni ile Direkta alimwambia Pontien vitu virudi kabla ya asubuhi, la sivyo ataita askari wa gendarme.

"Vitu gani, Direkta?" Pontien aliuliza. Direkta alikuwa ameshageuka kuondoka.

Asubuhi Anatole alirudi na betri mpya ya saa ya kompyuta, maana ile ya zamani ndiyo iliyokufa, akaiweka, akawasha. Majina yote yakatokea, yale yale ya jana, hakuna lililopungua. Akachungulia ndani. Soketi ilikuwa tupu vile vile. Hapo ndipo akili ilipomfunguka. Mashine haiwezi kuona kitu kisichokuwamo! Hata jana iliviona, kabla yeye hajagusa skrubu. Kumbe vilikuwamo muda wote, vingi pamoja ndani ya kidude kimoja cheusi, kama wapangaji katika nyumba moja, na soketi ile huenda ilitoka kiwandani ikiwa tupu. Furaha ikampanda mpaka akasahau aibu yake.

"Direkta, vyote viko! Pontien hakuiba kitu!"

Direkta akasoma kioo mpaka mwisho, akatabasamu. "Unaona? Amerudisha."

"Hapana, Direkta, havikutoka. Mimi njo nilikosea. Angalia hii soketi, iko wazi kama jana."

Direkta hakuinama kuangalia. "Kama vilikuwa humu, nionyeshe kila kimoja fasi yake."

Anatole akaweka kidole juu ya kidude kikubwa cheusi. "Viko humu."

"Vyote?"

"Nafikiri vyote."

Direkta akacheka. Kukipasua kile kidude ili kuonyesha kilichomo ni kukiua. Sahani yake ilikuwa pale mezani, haina kitu.

"Papa Anatole, wewe haukoseaka," Direkta akasema, tena kwa heshima. "Muji yote inajua ile. Unamuhurumia muntu wako tu. Aliyerudisha njo aliyeiba." Akatuma mtu kuita gendarme.

Mado, mke wa Pontien, hakumtukana Anatole. Afadhali angemtukana. Alimwomba tu amsindikize kumpelekea mume wake chakula, bukari ya mhogo na ndagala, kwenye kasho alimofungiwa. Wakamkuta Pontien kwenye kidirisha, jicho moja limefumba kwa uvimbe.

"Papa," akasema, "wanasema nikikubali wataniachilia. Nimeshakubali. Sasa wananiuliza niliiba nini, nakosa ya kusema, wanasema ninawachezea." Akashika vyuma vya dirisha. "Unifundishe majina yake."

 Moyo ulimuuma Anatole kama kidonda kilichotoneshwa. Akamfundisha. Alitamka polepole, na Pontien akarudia, akikosea na kuanza upya: koprosesa, kontrola, saa. Mado alisimama kando na sufuria yake, akiangalia chini.

"Na hii koprosesa," Pontien akauliza, "ni kubwa namna gani? Wataniuliza."

Anatole akainua mkono, akapima hewani, kwa kidole gumba na cha shahada, ukubwa wa kitu ambacho hajawahi kukiona. Pontien naye akapima kwa vidole vyake, akauliza kama ni sawa.

"Njo hivyo," Anatole akamjibu.